Sahani ya 23: Somo la Kula Nyumbani, Mikumi na Kilosa

Likizo ndefu iliyopita wanachuo wenzangu wanne walipangiwa field Mikumi. Mimi kwetu Kilosa, wilaya moja, kwa hiyo nikajiona mwenyeji. Nikawaambia wakifika wanipigie simu. Hawakupiga. Siku ya tisa, saa nne usiku, mmoja akanitumia ujumbe: "Mwenyeji, boom limeisha."

Nikauliza limeishaje ndani ya siku tisa, na mji wenyewe hauna hata pa kuchezea hela? Kumbe kila siku walikuwa wanakula kwenye hoteli ya barabarani, pale mabasi yanaposhusha abiria. Kuku robo na chipsi mchana, kuku robo na chipsi usiku, kwa bei ya mtu mwenye njaa na haraka. Hela ilipopungua wakahamia kwenye biskuti na soda. Nilipowakuta Jumatano mmoja alikuwa anaumwa tumbo na wengine watatu wananilaumu mimi kwamba kwetu maisha ghali.

Kwetu maisha si ghali, ila hawakujua kula mji. Na kula mji, ndugu msomaji, ni kitu cha kujifunza kama unavyojifunza hesabu za gharama. Makala hii ni yale niliyowaonyesha kwa siku tatu, pamoja na yale niliyofundishwa mimi mwaka mmoja kabla, kwa aibu.

Benchi hili limewekwa kwa ajili ya nani?

Mikumi ni mji wa barabara. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Zambia inaikata katikati kwa karibu kilomita 50. Dereva anayetoka Dar anapita humo taratibu, anachunga vibao vya faini za kugonga wanyama, na akitoka upande wa pili kitu cha kwanza anachokutana nacho ni Mikumi mjini. Kwa hiyo mji umejipanga kumhudumia mtu aliyekaa sana kwenye siti. Anataka kunyoosha miguu, kuchimba dawa, kula, kuondoka.

Ila watu waliokaa kwenye siti hawafanani. Kuna abiria wa basi, kuna dereva wa lori, halafu kuna sisi wakazi, pamoja na walimu, vijana wa VETA, wauza sokoni na watu wa field kama hawa wenzangu. Kila mmoja ana mahali pake pa kula na bei yake. Swali la kwanza kabla hujakaa ni hili: benchi hili limewekwa kwa ajili ya nani?

Abiria wa basi ana dakika kumi na tano, labda ishirini kondakta akiwa na moyo. Hawezi kuvuka barabara kutafuta bei nafuu. Kubwa zaidi, harudi kesho. Tulisoma darasani kwamba muuzaji anatunza jina lake kwa sababu mteja atarudi. Sasa mteja asiyerudi unamtunzia nini? Chakula cha pale kinaweza kuwa kitamu kabisa, sikatai, lakini bei inapangwa kwa mtu wa mara moja. Ongeza na hili ambalo kila anayesafiri sana anajua: sehemu nyingi za namna hiyo, nchi nzima, dereva na kondakta hawalipi. Sahani zao zinalipwa na ya kwako.

Dereva wa lori ni mtu mwingine. Anatoka bandarini Dar anakwenda Tunduma, Zambia, wengine mpaka Kongo, na baada ya wiki kadhaa anapita tena njia hiyo hiyo. Anajua nani anachemsha supu usiku ili saa kumi na mbili asubuhi iwe tayari, na nani anaongeza maji kwenye supu ya jana. Ukitaka kujua pa kula Mikumi usiulize mapokezi ya gesti. Tazama malori yamepaki wapi, kisha ufuate utingo, siyo dereva, maana dereva ana posho na utingo anahesabu shilingi.

Mstari wa tatu ndio ninaoupenda, na ndio ambao wenzangu kwa siku tisa hawakuuona ingawa walikuwa wanalala hatua hamsini kutoka hapo. Acha barabara kuu, pita katikati ya nyumba za mbele, ingia nyuma. Pale utakuta turubai, mabenchi mawili, majiko matatu ya mkaa na mama amefunga kitenge kiunoni. Hakuna menyu. Menyu ni sufuria, unafunuliwa unaangalia. Jumatano ile tulikula ugali, mchicha wa karanga na dagaa, Sh 2,000 kwa kila mtu, na maji ya kunywa kwenye jagi. Yule aliyekuwa anaumwa tumbo alikula uji wa ulezi peke yake, na mama akakataa kumuuzia kitu kingine. "We mwanangu leo uji tu, kesho njoo ule." Kwenye hoteli ya abiria nani angekukatalia hela yako?

Mkija Mikumi msiishie kula. Pembeni ya pale kuna fundi viatu ambaye alishona begi la mmoja wetu huku tunasubiri ugali usongwe. Jioni kuna wauza kahawa, birika kwenye jiko dogo na vikombe vya kuzungushana, kashata pembeni. Mtu wa kahawa ndiye gazeti la mji. Wenzangu walipata kwa dakika ishirini, kutoka kwa wazee waliokuwa wamekaa pale, habari za mashamba na wanyama wanaotoka hifadhini kuliko walizopata kwenye hojaji zao kwa siku tisa. Mmoja alitaka kutoa daftari aandike. Nikamkanyaga mguu.

Ijumaa waliomba ruhusa, tukapanda gari kwenda Kilosa. Ni kilomita sabini na ushee, na njiani unapita kijiji kinaitwa Ulaya. Jina hilo lipo kweli. Mtani mmoja kwenye gari hutangaza kila safari kwamba abiria wenye viza washuke, na kila safari kuna mgeni anacheka.

Hesabu ya sahani moja

Sasa niwaeleze kuhusu mama mkubwa, dada yake mama, ambaye anapika Kilosa mjini. Ndiye aliyenifundisha somo lenyewe, na hakuwa na nia ya kunifundisha.

Tuchukue wali maharage tu, tuache ugali na nyama. Kwa bei za mwaka juzi, siku ya kawaida alikuwa anapika kilo 5 za mchele kwa Sh 2,500, hiyo ni 12,500. Maharage kilo 2, Sh 6,000. Mafuta 3,000. Nyanya, vitunguu na karoti 2,000. Mboga ya majani 1,000. Mkaa 3,000. Maji ya ndoo 1,000. Binti anayemsaidia 5,000. Ushuru 500. Jumlisha: Sh 34,000. Moto haujawashwa bado.

Kilo moja ya mchele inatoa sahani sita ukipakua kwa mkono wa haki. Kilo tano ni sahani 30. Ondoa yake, ya binti na ya mtoto wa jirani ambaye kila mchana anakuja "kusalimia". Zinabaki 27 za kuuza. Sahani ilikuwa Sh 1,500. Zikiisha zote anapata 40,500. Faida 6,500.

Haya, gawanya 34,000 kwa 1,500. Unapata 22 na kitu. Maana yake sahani 22 za mwanzo zote si zake. Ni za muuza mchele, muuza mkaa, binti, halmashauri. Sahani ya 23 inamalizia deni la soko, na kuanzia ya 24 ndipo anaanza kula yeye. Sahani tatu zikilala, faida ya siku inabaki Sh 2,000. Kwa hiyo yule mteja anayechelewa, anayekuja saa tisa mchana akiomba samahani kama kimebaki kidogo, ndiye amebeba mshahara wa mpishi. Wa saa sita alikuwa anarudisha mtaji tu.

Kuhusu huo mkaa, niseme jambo kidogo, kwa sababu wilaya yetu ina habari yake. Kuanzia mwaka 2012 shirika la kuhifadhi misitu la TFCG na mtandao wa MJUMITA, kwa msaada wa Uswisi, walianza na vijiji vya Kilosa mradi wa mkaa endelevu. Kijiji kinatenga sehemu ya msitu wake, kinaigawa vitalu, kinavuna kimoja kimoja kwa zamu ili vilivyokatwa viote tena, na ushuru unabaki kijijini. Vijiji vingine vimejenga madarasa kwa hela hiyo. Wapo wanaoupinga, wanasema mkaa ni mkaa. Mimi nasema tu kwamba ukila wali Kilosa uliza mkaa umetoka wapi, unaweza kukuta darasa ndani ya sahani yako.

Karatasi yangu ukutani

Nilizijua hesabu hizo likizo ya mwaka wangu wa kwanza. Na nilizitafuta kwa sababu. Mama mkubwa alikuwa na mkopo, ile inayoitwa kausha damu. Alikopa laki mbili, arudishe Sh 5,000 kila siku isipokuwa Jumapili, kwa siku 52. Piga mwenyewe: 260,000. Alipomaliza mtaji ukawa umekauka, akachukua mwingine wa namna hiyo hiyo. Kila saa kumi jioni kijana wa marejesho alikuwa anakuja na pikipiki, anakaa kwenye benchi la wateja, hanunui hata chai.

Faida 6,500, rejesho 5,000. Niliona lazima niokoe jahazi. Si nilikuwa nimefaulu kozi ya ujasiriamali kwa B+? Nikafungua daftari lake la madeni nikakuta makuli tisa wanaopakia mizigo karibu na stendi, kila mmoja anakula kwa deni Jumatatu mpaka Jumamosi. Nikatoa hukumu: hawa ndio wanaokumaliza. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa kalamu nyekundu HAKUNA MKOPO, nikabandika ukutani. Chini yake: WALI 2,000. Kwenye karatasi yangu nyingine, sahani 27 kwa 2,000 ilikuwa 54,000 na faida 20,000. Kijana wa marejesho tungemmaliza ndani ya mwezi.

Mama mkubwa aliisoma, akaniambia, "Haya, wewe ndiye msomi." Akaendelea kuchambua mchele.

Siku ya kwanza makuli hawakuja. Ya pili hawakuja, na wateja wengine watatu wa kila siku nikawaona wameketi kwa mama wa jirani. Siku ya tatu tuliuza sahani 15. Sh 30,000. Tulikuwa tumetumia 34,000. Tulikula wali usiku, tukala wali asubuhi, mtoto wa jirani akabeba bakuli mbili. Siku ya nne muuza mchele, aliyekuwa anampa mali kauli wiki nzima na kulipwa Jumamosi, akapita mwenyewe, akaangalia sufuria lililojaa saa nane mchana, akasema kwa upole kwamba wiki hii afadhali pesa mkononi.

Hapo ndipo nilipokaa na daftari tena, safari hii nikasoma nilichokuwa nimekiruka. Makuli wanalipwa Jumamosi. Tisa kwa siku sita ni sahani 54, yaani Sh 81,000, zinazoingia siku moja. Mchele wa wiki, 12,500 mara sita, ni 75,000, nao unalipwa siku hiyo hiyo. Vinalingana na kubakiza 6,000. Siku za kati wateja 18 wa pesa taslimu wanaleta 27,000. Matumizi mengine ukiacha mchele ni 21,500. Inabaki 5,500. Kijana wa marejesho anachukua 5,000. Inabaki mia tano.

Ilikuwa imebana kama hivyo, lakini ilikuwa inazunguka. Deni la makuli ndilo lililomwezesha kukopa mchele bila riba. Na kuna kitu kingine ambacho sikukipata kwenye kozi yoyote: makuli tisa walikuwa ni sahani tisa zenye uhakika. Alfajiri, kabla hajapima mchele, alikuwa tayari anajua theluthi ya chungu imeshauzwa. Mama ntilie hana friji. Asichokiuza leo amekipoteza leo. Lile daftari nililoliona la huruma lilikuwa ndiyo njia yake ya kukisia kesho.

Kwa wiki, hesabu nzima ni hii: faida 39,000, marejesho 30,000. Mwizi hakuwa kuli. Nilikuwa nimekosea mlango.

Siku ya sita aliing'oa karatasi mwenyewe, akawashia jiko. Akavaa khanga ya kutokea, akaenda mpaka wanapopakia makuli. Sijui aliwaambia nini. Saba walirudi Jumatatu, wawili hawakurudi kabisa, na deni lao la wiki ya nyuma likafia hapo, kwa sababu mtu uliyemfukuza hana sababu ya kukulipa. Kwangu alisema neno moja tu: "Mwanangu, karatasi yako imefukuza watu." Mpaka leo hajasema tena. Aliyesema zaidi ni mama yangu, ambaye aliniambia ule mkopo wa kwanza ulichukuliwa wiki ile nilipokuwa nahitaji hela ya kujisajili chuoni, kabla boom halijatoka.

Wanaosoma hapa ambao wazazi wao au shangazi zao wanafanya biashara ndogo, wajue mambo haya yapo. Halmashauri kwa sheria zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Inataka kikundi, katiba, akaunti na kujaza maombi kwenye mfumo wa mtandaoni, na hapo ndipo mama anakwama na wewe ndipo unafaa. Kuandika karatasi nyekundu ukutani hakukuhitaji digrii. Kukaa na kina mama watano jioni tatu mkiandika katiba ya kikundi, hiyo ndiyo kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo. Tumeifanya baadaye. Maombi yameingia, wanasubiri.

Dirisha lisilofunguka

Kilosa ni mji wa reli kama Mikumi ilivyo mji wa barabara. Kulisha wapita njia kwetu si jambo la jana. Kabla ya reli, misafara ya wapagazi kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilikuwa inapita Usagara na kununua chakula njiani. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma 1914, Kilosa ikiwa katikati, na toka hapo stesheni ikawa soko. Treni ikisimama, madirisha yanashuka, mabeseni yanapanda vichwani: mayai ya kuchemsha, ndizi, mihogo, maandazi, wali kwenye mfuko. Mama mkubwa alianzia pale. Anasema mtaji wake mkubwa ulikuwa mikono mirefu na kujua chenji kichwani, kwa sababu treni ikianza kutembea kabla hujapewa hela unakimbia nayo.

Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika. Nyumba zilikwenda, watu walilala kwenye mahema, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikaharibika vibaya. Treni za abiria zikasimama. Ndipo akahamisha majiko kutoka stesheni kwenda karibu na stendi, akawapata makuli. Baadaye ikaja ujenzi wa reli ya kisasa, mahandaki yakachimbwa kwenye milima yetu, na kwa miaka ile vibarua walijaa mjini na kila mtu mwenye sufuria alipata. Wakamaliza, wakaondoka.

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria mpaka Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, ikazinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti, likizo ile ile ya karatasi yangu. Nimeipanda, naipenda, inanifikisha nyumbani mapema kuliko nilivyozoea. Lakini dirisha lake halifunguki. Ina kiyoyozi, inasimama kidogo, na huwezi kupitisha beseni la maandazi kwenye kioo. Sisemi turudi nyuma. Nasema tukishuka Kilosa kwenye treni hiyo, sisi ndio dirisha lililobaki. Abiria anayepita na treni hiyo hawezi kununua yai la Kilosa. Anayeshuka anaweza.

Na anayeshuka awe na adabu za mteja. Usipunguze bei ya sahani. Umeona hesabu, ukitoa mia tano kwenye 1,500 umetoa theluthi ya sahani. Omba nyongeza ya mchuzi, hiyo ni haki yako na hapewi asiyeomba. Lipa namba siku hizi zipo hata kwenye kibanda, ila muulize kwanza kama ana shida na pesa taslimu, maana muuza nyanya wa alfajiri hapokei simu. Ukikopa, lipa siku uliyosema, kwa sababu siku hiyo yeye naye ameahidi mtu. Na ukila vizuri rudi, tena rudi saa ile ile, akuzoee.

Ijumaa ile tulifika Kilosa saa tisa kasoro, vumbi mpaka kwenye kope. Wenzangu walitaka kuoga kwanza. Nikasema hapana, tupite kwa mama mkubwa. Alikuwa anafunika sufuria. Tukamwamkia, akaitikia, akawaangalia wale wanne mmoja mmoja, akauliza, "Hawa ndio walikuwa wanakula biskuti?" Kumbe mama alishamsimulia.

Zilikuwa zimebaki sahani tano, wali, maharage na tembele. Tulikuwa watano. Bei sasa ni 2,000, mchele umepanda, ameipandisha yeye mwenyewe kwa siku aliyoitaka baada ya kuwaambia makuli wiki mbili kabla. Tulikula kimya. Yule wa tumbo akaomba ukoko, akapewa na chumvi juu.

Walipotoa hela, mama mkubwa akahesabu, akaweka kwenye kopo, akauliza, "Kesho mpo?"

Wakaangaliana. Wakasema wapo mpaka Jumapili.

Akavuta daftari, akafungua ukurasa wa makuli, akaandika chini ya jina la mwisho: Wanachuo, sahani nne. Kisha akamwita binti na kumwambia kesho wapime kilo sita.